Sehemu ya Tatu Iko Lubumbashi

Kitabu hakikuwa na jalada. Nilikipata sokoni Kamembe, kwa mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba, ambaye alikuwa amekitia ndani ya buti la mvua ili lisimame vizuri. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka. Kwa hiyo hatukujua kinaitwaje, wala nani alikiandika. Kilianza katikati ya sentensi, mwanamke mmoja amesimama mlangoni mwa nyumba yake ya wageni, katika mji wenye kituo cha treni, akimtazama mtu aliyekuja kuipima nyumba hiyo kwa kamba.

Nilikinunua kwa sababu kilikuwa cha Kiswahili na kilikuwa kinene. Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani Gihundwe, na kazi niliyokuwa nayo ilikuwa kuomba kazi. Asubuhi nilituma maombi. Mchana nilijiuliza kama nilikosea salamu. Jioni niliyasoma upya na kuona kwamba nilikosea. Mtu anayeishi hivyo anahitaji kitu cha kumtoa ndani ya kichwa chake, hata kama ni Jumamosi tu. Nikawaza kilabu cha vitabu. Nilikiwaza sana, hata kabla hakijaanza kilikuwa kimeshanichosha: wakija watu wengi watakaa wapi? Wasipokuja nitamwambia nini Maman, mama yangu, ambaye atakuwa amechemsha chai? Na wakija, wakakaa, wakanyamaza?

Mwishowe niliwaambia watu wawili tu.

Wa kwanza alikuwa rafiki yangu wa Bukavu. Mama yake na mama yangu waliishi jirani huko zamani, kabla familia yetu haijarudi Rwanda, na sisi wawili tulibebwa kwenye migongo ya mama zetu katika njia zilezile. Sasa alikuwa akivuka daraja la Rusizi II, mpakani mwa Kongo na Rwanda, karibu kila siku kununua mayai na nyanya Kamembe na kwenda kuviuza kwao. Kabla ya kurudi alipita kwetu, akavua viatu, akainyoosha miguu yake ukumbini kama mtu aliye kwake. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, jirani yetu, kijana aliyekulia Uvira. Alikuwa na shati moja jeupe la Jumamosi na tabia ya kuinua kidole kabla ya kusema.

Siku ya kwanza tulikaa ukumbini, kitabu kiko mezani katikati yetu, na hakuna aliyekigusa.

"Kitabu moja, bantu batatu," rafiki yangu akasema. "Tutasoma namna gani? Tukilalie kama batoto ba nguruwe kwa mama yabo?"

Mwalimu akainua kidole. Alipendekeza kila mtu akae nacho kwa zamu, kisha tukutane wote tukiwa tumekimaliza.

"Na bengine bangoje? Hapana, papa mwalimu. Pale kwa daraja hatufanyake vile." Akajisogeza mbele. "Muzigo ikikuwa munene, tunaikata. Kila muntu anabeba kipande yake. Ng'ambo tunaunga."

Nilikuwa nimewaona wakifanya hivyo. Mwanamke mwenye nyanya nyingi kuliko shingo yake huzigawa kwa wenzake kabla ya daraja, kila mmoja anaingiza kiasi katika kapu lake, wanavuka kwa miguu, na upande wa pili kila nyanya inarudi kwa mwenyewe. Hawaandiki kitu. Wana sheria moja tu, ambayo rafiki yangu aliitaja kama mtu anayetaja jina la baba yake: ulichobebeshwa unakifikisha, na usichobebeshwa hukifungui.

"Leta kisu," akasema.

Mimi ni mtu niliyefundishwa kuvika vitabu magazeti ili visichafuke. Nilileta kisu cha Maman cha kukatia sabuni, nikakishika, nikashindwa. Mwalimu aligeuza uso akatazama ukuta. Ni rafiki yangu mwenyewe aliyekata, kwa mikono miwili, taratibu, kwenye uti wa kitabu, huku Maman akiwa amesimama mlangoni na mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, mkononi akisema, "Mungu wangu, batoto ba shule banachinja kitabu."

Sehemu ya kwanza nikapewa mimi. Ya pili ikaenda kwa mwalimu. Ya tatu aliichukua yeye. "Kila siku mimi njo wa mwisho kuvuka," alisema. "Wacha nibebe mwisho." Akaifunga ndani ya kipande cha kitenge, akaiweka juu ya mayai.

Basi ikawa hivyo. Kila mtu aliisoma sehemu yake kwake, akaiandaa, akatusomea kidogo kidogo kwa sauti. Nilianza mimi. Mwanzoni nilijikwaa kwenye maneno, kisha nikayazoea, kisha nikaanza kuingoja Jumamosi tangu Jumapili. Kiswahili cha kitabu kilikuwa cha mbali, na rafiki yangu alikuwa akinikatiza. "Hiyo Kiswahili inavaa kravati," alisema. "Inatoka wapi? Inaenda kanisani?" Mwalimu alikasirika kwa niaba ya Kiswahili. Maman alitwanga jikoni, na mchi ulipokaa kimya tulijua hadithi imefika pazuri.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Yule mwanamke wa nyumba ya wageni ni mjane. Mume wake aliijenga nyumba, treni zikapungua, wageni wakapungua, na sasa kuna mtu anataka kuinunua. Auze au asiuze? Kurasa zote zile, ni hilo tu. Lakini tuligombana juu yake kama watu wenye hisa ndani ya nyumba hiyo. Mwalimu alisema asiuze kamwe, kwa sababu kila chumba kina kumbukumbu ya marehemu. Rafiki yangu alisema auze kesho asubuhi. Mimi nilisema angoje kidogo, labda treni zitarudi.

"Wewe kila kitu ni kungoja," rafiki yangu aliniambia. "Hata chai unaingojaka ipoe mpaka inageuka maji ya kuogea."

"Na wewe unakunywaka moto mpaka ulimi inaungua, ndiyo maana unasemaka bila breki," mwalimu akamjibu, na kwa mara ya kwanza aliacha Kiswahili chake cha darasani. Tulicheka mpaka Maman akaja kuuliza nani amekufa.

Kilichonishangaza zaidi nilikifahamu baadaye. Rafiki yangu alikuwa ameshasoma mwisho. Ilibidi, ili aweze kutusomea. Wiki zote zile alikaa mbele yetu akijua kama nyumba iliuzwa au haikuuzwa, akabishana, akatukana, akaapa, na uso wake haukuonyesha hata kidogo. Nilimchunguza. Mimi huchunguza nyuso za watu mpaka wananiuliza nina shida gani. Sikuona kitu. Mzigo aliobeba ulikuwa umefungwa.

Alikuwa ametusomea karibu nusu ya sehemu yake wakati kaka yake alipopiga simu kutoka Lubumbashi. Kaka ana duka la unga huko. Mke wake alikuwa karibu kujifungua, na hakukuwa na mtu wa kusimama dukani.

"Mwezi moja tu, sheri yangu," akaniambia akiwa amesimama kwenye kizingiti chetu, viatu tayari miguuni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Mutoto azaliwe, mama yake apate nguvu, nirudi. Muningoje. Hamuna muntu wa kufa mbele ya kujua."

"Acha basi zile kurasa," mwalimu akasema. "Tutamalizia sisi."

"Weye! Muntu anatua muzigo katikati ya daraja?" Akapiga kapu lake kofi. Sote tulimwelewa, na mimi nilifurahi. Nilifurahi kuliko nilivyopaswa kufurahi kwa ajili ya karatasi.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Mwezi ukaisha. Akaandika kwamba wifi yake bado hana nguvu. Kisha akaandika kwamba kaka amesafiri kutafuta mahindi. Kisha ujumbe ukawa mfupi, ukawa na picha: magunia, mtoto kwenye magunia, yeye mwenyewe na kilemba kipya ambacho sikukijua. Nilikikuza kilemba kile kwenye simu mpaka kikawa madoa ya rangi tu. Nilijiuliza nani alikwenda naye kukinunua. Nani alimwambia kinampendeza.

Ndipo akapendekeza jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelipendekeza. Aliandika: niwasomee kwa sauti, nitume kwenye simu?

Niliandika jibu, nikalifuta, nikaliandika tena. Nililotuma lilisema: ngoja urudi, kwa simu hainogi.

Sababu yenyewe sikumwambia mtu. Niliona hivi: mgeni akiondoka na mwavuli wako, hata akikaa sana, utasema atakuja, si ana mwavuli wetu? Maadamu mwisho wa kitabu ulikuwa kwake, alikuwa na deni la kuja Gihundwe. Akiutuma, atakuwa amefikisha. Mtu aliyefikisha mzigo ana sababu gani ya kurudi darajani? Najua ni hesabu ya kitoto. Lakini hofu yangu haikuwa ya kitoto. Watu wetu wameondoka Bukavu, wameondoka Uvira, wamekuja, wamekwenda, na kila mara walisema mwezi mmoja. Maman bado ana funguo za nyumba ambayo haipo.

Jumamosi mwalimu aliendelea kuja na shati lake jeupe. Tulijaribu kurudia sehemu ya kwanza. Nilisoma vizuri kuliko mara ya kwanza, bila kukatizwa, na ilikuwa kama kusoma tangazo. Tukanywa chai. Akaniuliza kuhusu maombi yangu ya kazi, nikamwuliza kuhusu wanafunzi wake, tukatazama kapeti.

Alasiri moja nilishuka mpaka Rusizi II. Nilijiambia natembea tu. Nilisimama pembeni ya njia, mto unapita chini ya daraja, na wanawake wanavuka kuelekea ng'ambo wakiwa na makapu na ndoo, wengine na watoto mgongoni, wanaongea Kiswahili na Mashi kwa pamoja kwa kasi ambayo mimi nimeshaanza kuisahau. Nilijua yuko Lubumbashi, mbali kiasi kwamba hata jua lao si letu. Bado nilitazama migongo. Kila mgongo mwembamba wenye kitenge cha bluu ulinishtua. Pale karibu yangu walikuwa wanagawana vitunguu, na mmoja wao, mama mnene mwenye meno mazuri, akanitazama kuanzia viatu.

"Unangoja nani, mademwazeli?"

"Simngoji mtu."

"Basi toka kwa njia, bale banangojewa bapite."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, nikatoka njiani. Kupanda mlima kurudi Kamembe nilitembea haraka ili nikiwa na machozi watu wadhani ni jasho.

Jumamosi iliyofuata mwalimu hakukaa. Alibaki amesimama.

"Nilimwandikia," alisema. "Nilimwomba atusomee kwa simu. Akaniambia umekataa. Mara ngapi umekataa?"

Nikasema si kukataa, ni kungoja, kwamba tulikubaliana kusoma pamoja, uso kwa uso, kwamba kilabu ni watu kukaa mahali pamoja. Nilikuwa na hoja nyingi. Nilikuwa nimeziandaa kwa wiki nyingi kitandani, na zote zilikuwa nzuri.

"Dada yangu," akasema, na hakuinua kidole. "Unamufunga na makaratasi."

Aliyejibu ni Maman, kutoka jikoni, na mchi ukapigwa chini kwa kishindo.

"Mimi niko muzee! Nitakufa bila kujua kama ule mwanamuke aliuza nyumba! Mwambie asome! Juu ya nini munanitesa?"

Alikuja mpaka mlangoni, majani ya sombe kwenye vidole, amekasirika kwelikweli. Sikuwa nimefikiria kwamba naye alikuwa akingoja. Nilidhani kungoja kote kulikuwa kwangu.

Nilitoa simu. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na safari hii sikupata nafasi ya kulifikiria kwa sababu wote wawili walikuwa wanatazama kidole changu. Niliandika: Soma.

Tulikaa. Muda mfupi baadaye sauti zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine. Niliweka simu mezani, pale kitabu kilipokuwa siku ya kwanza. Maman akavuta kiti, akafuta mikono kwenye kitenge, akainamisha kichwa kama wakati wa sala.

Rafiki yangu alisoma vizuri. Alikuwa anasoma kwa haraka kidogo kuliko zamani, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Nyuma yake kulikuwa na barabara, pikipiki, mtoto analia na kubembelezwa. Mjane alikuwa amekaa chumba namba saba, akikunja mashuka. Mnunuzi alikuwa barazani. Katikati ya sentensi sauti ya mwanamume ikaingia, kwa Kiswahili cha huko, kinachovutwa tofauti na chetu:

"Ma Bukavu, unasoma Biblia saa za kazi?"

"Nasomea bandugu yangu. Unataka nini, mukorofi?"

"Unga. Na unisomee na mimi."

"Wewe nitakusomea deni yako."

Watu zaidi ya mmoja wakacheka. Naye akacheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile kinachoanzia puani, ambacho nilidhani anacho kwa ajili ya ukumbi wetu tu. Nikasikia kopo likizama ndani ya gunia la unga, karatasi ya mfuko ikifunguliwa, mtu akiagwa kwa jina. Alimjua. Alimjua na mama yake, akamwuliza kama mguu umepona. Kisha akarudi kwa mjane pale alipomwacha, bila hata kutafuta mstari.

Mwalimu alinitazama. Nadhani aliona nilichokisikia, kwa sababu aliacha kunitazama haraka.

Mjane aliuza. Haikuelezwa sana. Alishuka ngazi, akamwambia mnunuzi bei anayoitaka, akampa funguo, na kurasa za mwisho zote zilikuwa juu ya mtu yule mpya akichagua rangi ya kupaka madirisha. Mjane hakuonekana tena. Hatukuambiwa alikwenda wapi.

"Vwala," sauti ikasema. "Imeisha. Mimi nilijua kitambo na nilinyamaza kama kaburi, munipongeze. Sasa museme."

Maman aliinuka. "Aliuza," akasema, ameridhika kabisa, akarudi kwenye sombe yake. Mwalimu alirekodi ujumbe mrefu wenye sehemu ya kwanza, sehemu ya pili na hitimisho, akisema kwamba mwandishi ametuonea. Mimi nilisema nitajibu baadaye.

Nilitoka nikasimama nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo. Nilirekodi, nikafuta. Nilisema mambo juu ya mjane, nikafuta. Kwamba madirisha yalikuwa mwisho mbaya, nikafuta. Hatimaye nikasema kile ambacho nilikuwa nimekizunguka tangu yule mtoto azaliwe. Nikauliza: utarudi?

Niliona kwamba anarekodi, akaacha, akarekodi tena. Sikuwahi kujua kwamba naye hufuta.

"Hapana, sheri," alisema. Hakukuwa na barabara nyuma yake. Alikuwa ameingia ndani mahali. "Nitakuya kubaona. Kabisa nitakuya. Lakini kurudi, hapana. Duka ni yangu sasa, kaka ameniachia. Niliogopa kukuambia juu wewe ulisema nirudi kwanza njo nisome. Nikasema basi, nikisoma itakuwa nimekudanganya, nisiposoma pia nimekudanganya. Hizi karatasi nilikuwa nazo chini ya kitanda, zinanisumbua. Usilie. Unalia? Najua unalia."

Nguo zilikuwa zimekauka, nikaanza kuzianua kwa mkono mmoja. Nilikuwa na hamu naye, na hamu hiyo haikuwa na kitu cha kushikilia tena, si mwezi, si karatasi. Nilimjibu kwamba nimeelewa. Nikasema nampongeza kwa duka, na nilimaanisha, ingawa sauti yangu haikusaidia. Nilimwuliza kile kilemba alikinunua na nani. Kisha nikamwambia kwamba mjane alikosea. Angengoja hata msimu mmoja.

Jibu lilirudi kabla sijafika kwenye shati la mwisho.

"Kungoja nini? Wewe! Kungoja treni gani? Kaa chini unisikilize vizuri."

Nikaweka nguo juu ya nyasi, nikakaa chini.